Mgongo wa Pili

9 Machi 2008

Kwa mpwa wangu Chiriku,

Salamu. Natumai hujambo na kile kikohozi kimekuachia. Huku tuko wazima. Mama yako anasema ule mboga. Mimi nasema ule chochote, mradi ule. Sikio langu la kulia daktari amelizika rasmi. La kushoto bado liko kazini, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Simu kwangu siku hizi ni nyuki ndani ya kopo.

Dereva aliyekuletea barua hii amebeba na sanduku la mbao. Ndani yake ni gitaa lako. Kaa kwanza, ndipo ulifungue.

Januari ulipokuja kututembelea ulilalamika kwamba gitaa lako la zamani linanyamaza ukilikumbatia na linafufuka ukilisogeza mbali na tumbo. Nilicheka, halafu sikulala vizuri. Hili lina migongo miwili. Wa nje ndio utakaolala tumboni kwako. Wa ndani uko milimita tisa mbele yake, haugusi tumbo wala nguo, na ndio unaofanya kazi. Sauti yake inatokea kwenye mwanya mwembamba ubavuni, upande wa juu, ili ikufikie wewe kabla ya watu. Mwanya huo hauingizi kitu zaidi ya wembe, kwa hiyo usihangaike kuchungulia.

Kifua chake ni msonobari wa kile kinanda kibovu cha kanisani, migongo ni mkangazi. Kwenye mgongo wa ndani, upande unaotazama ule wa nje, kuna kiraka, unakijua. Ni cha siku ile uliyopita tena Februari, ukakaa upande wa sikio langu zima ukinisimulia habari za bwana harusi aliyesahau viatu. Nikawa nagonga ubao na kuusikiliza kwa sikio bovu, nikaendelea kukwangua mpaka mwanga ukapenya. Nimebandika kipande cha msonobari kama stempu, pembe moja nimeikata ili kiukwepe ubavu. Hakisaidii chochote, hakiharibu chochote. Ni kumbukumbu ya mdomo wako.

Jambo la mwisho, na ni la maana. Kila fundi huacha mlango, yaani sehemu moja ambapo gundi ya ngozi, ile inayolainika kwa moto, imepakwa nyembamba, ili siku gitaa likiumwa fundi mwingine aweze kulifungua bila kulivunja. Mlango wa gitaa hili uko chini, vidole vitatu kushoto kwa kifungo cha mkanda. Kisu chembamba, kipashwe moto, kiingie hapo. Kikiingia kwingine, mkangazi utapasuka kutoka mwanzo hadi mwisho. Nimekwambia wewe peke yako kwa sababu gitaa ni lako.

Mjomba wako


2 Aprili 2008

Shikamoo Mjomba,

Mimi mzima, kikohozi kimekwenda kwa wenye nacho. Mama mwambie nakula mboga.

Nilikaa kama ulivyoagiza. Nikapiga nyuzi zote sita mara moja, nikaacha zilie zenyewe. Mwenye nyumba akabisha hodi. Akasema mkataba wa chumba ni mtu mmoja, mbona nimekaribisha mpiga gitaa mwingine. Nikamwonyesha gitaa, moja. Akachungulia uvunguni mwa kitanda, akaondoka bila kuaga.

Hotelini tunapopiga yuko yule mzee wa besi tunayemwita Kiyoyozi, kwa sababu hakuna wimbo asioupoza. Alisikiliza nyimbo mbili, akaniambia, "Nani kakuchongea hili?" Nikamjibu, "Mjomba wangu." Akasema, "Muulize kama anahitaji mpwa mwingine. Nina miaka sitini na nane lakini nina adabu."

Jingine. Kuna mtu wa kile kiwanda cha magitaa upande wa pili wa mji. Amevaa suti ya kijivu na viatu vya raba. Amekuja Jumapili tatu mfululizo, mchana, anakaa meza ya mbele, haagizi kinywaji, anafumba macho. Jumapili iliyopita aliomba alishike. Alilishika muda mrefu, akaligeuza, akaligonga mgongoni kwa kidole. Akauliza, "Humu ndani kuna nini?" Nikamwambia humo ndani kuna mjomba wangu. Akacheka.

Asante, Mjomba. Sina maneno, na wewe unajua mimi si mtu wa kukosa maneno.

Mpwa wako, Chiriku


26 Aprili 2008

Kwa mpwa wangu Chiriku,

Marahaba. Sisi hatujambo. Kiyoyozi mwambie nafasi ya mpwa imejaa, lakini ya babu iko wazi.

Kuhusu huyo wa suti ya kijivu. Alisikilize, alishike, alipige akitaka. Asilifungue. Nakueleza sababu ili usidhani ni uchoyo.

Chama cha mafundi wa ala kina maonyesho kila baada ya miaka mitatu. Wanaochagua ni watatu, hawana haraka, hawachekicheki. Kazi yako ikipita wanakupa muhuri wa chuma wa kuchomea ndani ya kila ala utakayotengeneza. Bila muhuri, duka lolote linaita kazi yako ya mtaani na kuitundika nyuma karibu na choo. Nimepeleka magitaa mara mbili. Mara zote mbili walisema mkono ni mzuri, wazo si langu. Walisema kweli. Nilikuwa natengeneza vizuri magitaa ya watu wengine.

Maonyesho yajayo ni Februari. Nimeanza gitaa la pili lenye migongo miwili, na safari hii wazo ni langu. Ndani ya lako sikuandika jina. Niliacha mahali pa muhuri, nikiupata nitauchoma ndani ya lako pia.

Daktari anasema la kushoto nalo lina miaka miwili, tukijaliwa. Fundi asiyesikia ubao ni seremala wa viti. Sina ugomvi na viti, lakini sasa unaelewa kwa nini siwezi kungoja maonyesho mengine.

Mama yako anauliza kama una neti.

Mjomba wako


17 Agosti 2008

Shikamoo Mjomba,

Samahani kwa kuchelewa kuandika. Natumai wewe na Mama hamjambo. Mimi mzima, kazi nyingi tu.

Usishtuke: gitaa limepata ufa kidogo kwa sababu ya joto la jukwaani. Liko kwa fundi, mtu mzuri, ana vifaa vyote. Wiki tano hivi litakuwa limerudi. Kwa sasa napigia la kuazima.

Neti ninayo.

Mpwa wako


30 Agosti 2008

Kwa mpwa wangu Chiriku,

Salamu. Sisi wazima. Pole kwa ufa.

Naomba unijibu haya. Ufa uko kifuani, mgongoni au ubavuni? Unafuata nyuzi za mbao au unazikata? Ukibonyeza unafunga au unabaki wazi? Joto la jukwaani hupasua kifua, na kifua kinaunganishwa kwa siku mbili, si wiki tano. Wiki tano ni muda wa mtu aliyelifungua.

Kama kuna mtu anataka kulifungua, niandikie nije mwenyewe. Nauli ninayo na visu vyangu ninavyo.

Mjomba wako


11 Oktoba 2008

Kwa mpwa wangu Chiriku,

Natumai u mzima. Sijapata jibu la barua ya Agosti. Mama yako alikupigia, anasema mliongea kuhusu nywele.

Gitaa la pili nimelifikisha shingoni. Nikiligonga linasikika hata kwangu.

Mjomba wako


23 Novemba 2008

Shikamoo Mjomba,

Nisamehe, mambo yameniwia mengi. Hali yangu nzuri sana kwa kweli. Gitaa limerudi, zima kabisa, ilikuwa vanishi tu imebanduka. Wala usiwe na wasiwasi.

Nasafiri mwezi ujao, nitakuwa napiga miji tofauti tofauti, kwa hiyo anwani yangu itabadilika. Nitakutumia mpya nikishatulia. Msalimie Mama, mwambie kuna jambo zuri linakuja lakini sijaruhusiwa kusema.

Kila la heri na maonyesho.

Chiriku


1 Machi 2009

Kwa mpwa wangu Chiriku,

Salamu. Natumai u mzima. Sisi wazima. Anwani hii nimeipata kwa mama yako, naye aliipata kwa Kiyoyozi.

Maonyesho yalikuwa tarehe 20 na 21 Februari. Nakuandikia yaliyotokea kwa mpangilio wake.

Nilifika saa mbili asubuhi. Ukumbi ni ule ule, meza zile zile zenye vitambaa vya kijani. Nilipangiwa meza ya kumi na nne, kati ya mama anayetengeneza zeze na kijana wa ngoma za plastiki. Wachaguzi walinifikia saa tano. Mmoja ni mpima vinanda, yaani mrekebisha sauti zake, mwenye miwani mbili, moja kichwani na moja machoni. Wa pili ni mwanamama mtengeneza fidla. Wa tatu ni katibu.

Mwanamama alilipiga gitaa langu kidogo, akamtazama mpima vinanda. Mpima vinanda akaniuliza, "Mzee, hili umelipata wapi?"

Nikasema, "Nimelitengeneza."

"Hilo tunaliona. Nauliza mfano wake. Hili ni Chiriku."

Nikamwambia, "Chiriku ni mpwa wangu."

"Hapana, mzee. Chiriku ni gitaa."

Akanishika mkono kwa upole kama mtu anayemvusha kipofu barabara, akanipeleka meza ya kiwanda karibu na mlango mkubwa. Pale palikuwa na picha yako, ndefu kuliko mimi, umeshika gitaa, umecheka. Chini yake yamepangwa magitaa sita, yote yana migongo miwili, yote yana mwanya ubavuni upande wa juu. Jina limeandikwa kwa dhahabu. Hilo jina nilikupa mimi ulipokuwa na miaka minne, kwa sababu ulikuwa hunyamazi.

Nikasema moyoni, labda wamekisia. Mtu mwenye akili anaweza kuuona mwanya akafikiria mengine. Nilitaka iwe hivyo. Lakini gitaa la saba walikuwa wamelipasua katikati kwa msumeno, waonyeshe wateja yaliyomo. Nikainama. Kwenye mgongo wa ndani kuna kiraka cha msonobari, ukubwa wa stempu, pembe moja imekatwa.

Nilimuuliza binti wa kiwanda ile ni nini. Akanisomea kwenye karatasi: "Kipande hiki kidogo, kilichowekwa kwa hesabu za hali ya juu, ndicho kinacholeta joto la sauti." Wamekibandika kwenye kila gitaa. Nimeona mafundi wakiiba kazi. Sijawahi kuona kiwanda kikiiba kosa na kuliweka bei.

Kiraka kile hakionekani kwa kioo wala kwa taa. Lazima mgongo wa nje utoke. Na mgongo ungetolewa na mtu asiyejua mlango, gitaa lako lingekuwa vipande viwili, nawe usingekuwa umelishika kwenye picha likiwa zima. Nimelitazama kwenye picha ile kwa muda. Ukingo wa chini ni safi. Waliingilia mlangoni.

Nilirudi mezani kwangu nikawaeleza wachaguzi. Katibu alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kiwanda kiliandikisha mfano wake tarehe 3 Desemba, gitaa langu limekamilika Januari, na kwa karatasi zilizopo mimi ndiye niliyeiga. Nikamwambia lipo la kwanza, la Machi mwaka jana. Akauliza kama lina jina langu ndani. Unajua jibu.

Nikasema naweza kuleta mashahidi. Akasema, "Mzee, ukileta mtaa mzima, bado ni majirani zako. Niletee mwenye picha. Yeye akiandika kwamba gitaa lile alilipata kwako Machi, jambo limekwisha."

Wamenipa hadi tarehe 30 Aprili, saa kumi alasiri.

Sikuulizi sababu. Nakuomba barua moja kwa chama: gitaa ulilipokea tarehe ngapi, kutoka kwa nani, nani alilitengeneza. Mistari minne inatosha. Anwani yao nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Mama yako sijamwambia. Picha ameiona gazetini, ameikata, ameibandika ukutani jikoni.

Mjomba wako


20 Machi 2009

Shikamoo Mjomba,

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Natumai sikio halijazidi. Mimi si mzima, lakini siyo ugonjwa.

Naomba unisikilize kabla hujanihukumu. Yule wa suti ya kijivu alisema wanataka kuona tu. Alisema kazi kama yako haitakiwi kufia hotelini. Walinipeleka karakana yao, Mjomba, ungeiona. Meza nyeupe, taa zisizo na kivuli, mafundi kumi na wawili wamevaa koti moja. Mkubwa wao alichukua kisu akataka kuanzia ubavuni. Ningekaa kimya lingepasuka mbele ya macho yangu. Nikasema, "Siyo hapo." Nikawaonyesha kwa kidole. Nilifanya hivyo kuliokoa gitaa. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na siku ile niliamini.

Walipolifungua wote waliinama kutazama. Mmoja alisema, "Huyu mtu ni nani?" Nilijivuna, Mjomba. Nilidhani wataandika jina lako. Kisha wakaleta mkataba, na kwenye mkataba muundaji ni kiwanda, na mimi ni "msukumo." Kuna kifungu kinasema siruhusiwi kutamka lolote kuhusu asili ya gitaa bila idhini yao. Nilisaini. Nilikuwa nimepiga miaka tisa kwenye hoteli ambapo watu wanaongea huku napiga.

Na jambo moja nitalisema ingawa litakukasirisha. Nani aliyesema gitaa linazibwa na tumbo? Ni mimi. Ningenyamaza siku ile, ungetengeneza gitaa la kawaida la tatu wakakurudisha nyumbani tena. Wazo lilianzia kwangu. Sisemi ni langu lote. Nasema siyo la wizi mtupu kama unavyoliandika.

Nimeongea nao. Wako tayari kukutaja kwenye karatasi ya matangazo kama "fundi wa jadi aliyemlea Chiriku." Nadhani ni mwanzo mzuri. Mwanamke wa mauzo alisema wanaweza hata kuja kukupiga picha ukiwa na randa.

Mpwa wako


29 Machi 2009

Kwa mpwa wangu Chiriku,

Marahaba. Pole kwa usichokiita ugonjwa.

Nimeshakuelewa, na kuna mambo ambayo uko sawa. Ni kweli wewe ndiye uliyesema gitaa linazibwa na tumbo. Nilikuandikia hivyo hivyo siku nilipolituma, na kwa chama nimesema hivyo hivyo. Kama ungetaka jina lako likae kando ya langu ningelichoma mwenyewe. Lakini ulilalamika Januari tarehe 12 saa sita mchana, ukaenda kula. Mimi nilitengeneza migongo kumi na moja. Wa kwanza ulipiga kelele kama debe. Wa nne ulipasuka nikiwa nao mkononi. Wa saba ulikuwa mzuri, nikauharibu kwa kuupenda, nikazidisha vanishi. Uliosafiri kuja kwako ni wa kumi na moja, na una kiraka. Mbao za ile kumi tunapikia.

Ni kweli pia kwamba wangeanzia ubavuni lingepasuka. Ungewaacha. Gitaa lililopasuka nalitengeneza upya kwa wiki mbili.

Ufundi wa jadi siujui. Randa yangu niliinunua dukani kama wao. Huyo mwanamke wa mauzo mwambie asijisumbue. Nikiwa kazini navaa kaptula, na picha itawafukuza wateja.

Sitaki kiwanda kinitaje. Sitaki waache kuuza. Sitaki ukosane nao zaidi ya inavyobidi. Nimemuuliza katibu kuhusu mkataba wako. Anasema barua kwa chama haichapishwi, inasomwa na watu watatu na kufungiwa kabatini. Wakikuuliza, chama kitasema kilikuita shahidi. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi.

Mistari minne. Nimekuwekea bahasha ndani, ina stempu na anwani. Sikuandika maneno yenyewe kwa sababu lazima yawe yako.

Mjomba wako


28 Aprili 2009

Kwa mpwa wangu Chiriku,

Natumai u mzima. Leo nimepita ofisi ya chama. Hawajapokea kitu. Katibu ni mtu mwema, alifungua sanduku la barua mbele yangu, tukatazama ndani sote wawili. Kulikuwa na bili ya maji.

Barua ya kawaida haitawahi sasa. Ofisi yoyote ya posta inatuma kwa haraka, ikiondoka kesho asubuhi inafika keshokutwa kabla ya saa kumi. Nimemwomba dereva akuletee hii mkononi, na asubiri nje ya mlango kwa saa moja. Ukimpa bahasha ataipeleka posta mwenyewe.

Mjomba wako


24 Mei 2009

Shikamoo Mjomba,

Naomba radhi kwa kunyamaza. Dereva alisubiri saa mbili, siyo moja. Nilikuwa ndani. Nilimwona dirishani akifuta vioo vya gari, akamaliza, akaanza upya. Sikufungua.

Nimekaa na bahasha yako karibu miezi miwili. Leo nimeamua kuandika yote, bila kona.

Gitaa nililipokea tarehe 14 Machi 2008, kwa mkono wa dereva, katika sanduku la mbao lililopigiliwa misumari minane. Lilitengenezwa na mjomba wangu peke yake, katika chumba cha nyuma ya nyumba yake, kati ya Januari na Machi mwaka huo. Nilikuwepo wiki ya kwanza na niliona kwa macho yangu migongo miwili ya mwanzo. Nilipita tena Februari, na kiraka cha mgongo wa kumi na moja kilitokana na mimi kumwongelesha. Wala hakukuwa na ufa. Wala vanishi haikubanduka. Tarehe 6 Agosti nilipeleka gitaa kiwandani kwa miguu yangu, nikawaonyesha mlango kwa kidole changu. Mambo mengine yote niliyokuandikia kati ya Agosti na Novemba ni uongo, na ule wa ufa niliutunga nikiwa kwenye foleni ya posta.

Nilijua pia kuhusu muhuri. Barua yako ya Aprili ilikuwa ndani ya mkoba wangu siku ile ile waliyolifungua. Hilo sikuwahi kumwambia mtu.

Nimekuandikia wewe, Mjomba, siyo chama. Chama wangeniita, kiwanda kingejua, na mwezi ujao natakiwa kupiga mbele ya watu elfu tatu. Sikuwa na nguvu hizo. Lakini nisingeweza kuendelea kuishi bila wewe kuupata ukweli kwa mwandiko wangu. Sasa unao. Naomba ubaki kati yetu sisi wawili.

Nimelia sana nikiandika, ila nahisi mzigo umenitoka. Natumai na wewe utahisi hivyo.

Mpwa wako anayekupenda, Chiriku


7 Juni 2009

Kwa mpwa wangu Chiriku,

Marahaba. Sisi wazima. Mama yako ana mafua kidogo, si ya kukutisha.

Barua yako nimeipata. Imeandikwa vizuri, tarehe zote ziko sawa, hakuna neno la kurekebisha. Ingetosha. Katibu angesoma nusu ya kwanza tu.

Umeomba ibaki kati yetu. Itabaki. Jalada langu chamani lilifungwa Aprili 30 saa kumi na dakika tano. Katibu aliniongezea dakika tano kwa hiari yake. Kwenye karatasi, mwenye aina ile ya gitaa ni kiwanda. Nikitengeneza jingine la migongo miwili nitakuwa naiga, kwa hiyo sitengenezi. Jana nimepokea kazi ya viti ishirini na nne vya shule.

Narudisha karatasi zako. Zimo zote, kurasa tatu. Uliziandika kwa mtu asiye sahihi. Kuna watu watatu ambao hawakujua nani alitengeneza gitaa lile, na walikuwa wanangoja kuambiwa. Mimi sikuhitaji kuambiwa.

Nilikuwepo.

Mjomba wako